Fedha kidogo, mahitaji mengi: maji ya mvua, ubao uliopauka na madawati mabovu, tuanze na kipi?

MjumbeKamati aliandika:

Wakuu habarini. Naomba ushauri kwa wanaojua kazi hizi. Shule yetu ya msingi iko Dodoma, upande wa Chamwino. Wanafunzi ni 450 pamoja na awali. Kamati ya shule ina mchango wa kijiji na salio la ruzuku, kwa hiyo hakuna nafasi ya kujaribu jambo likatushinda.

Hali ilivyo: tuna tenki la plastiki la lita 5,000 ambalo halijafungwa. Jengo lililo karibu na vyoo lina madarasa mawili, paa la bati la mgongo mmoja, urefu mita 18, na upana kutoka ukingo wa bati hadi ukingo wa pili mita 8. Madarasa manne yana ubao wa saruji ukutani. Umepauka na sehemu nyingine unang'aa, watoto wa nyuma hawasomi kitu. Madawati 37 yamewekwa nje, mengi yameachia miguu. Baadhi ya wajumbe wanataka fedha yote inunue projekta.

Je, magata tuweke pande zote mbili? Ubao unaokoleka au tujenge upya? Na madawati tuyachomelee au tuuze vyuma?

MhandisiMaji alijibu:

Ndugu mjumbe, umefanya vizuri kuleta vipimo, maana bila hivyo ushauri wote ungekuwa wa kubahatisha.

Anza na hesabu. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Paa lako, likipimwa chini na si kwa kufuata mwinamo wa bati, ni 18 × 8, yaani mita za mraba 144. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Usipange kwa 570, panga kwa mwaka mbaya, tuseme 400, kisha toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka, kuvuja na kukauka juu ya bati. Upande mmoja tu wa paa, mita za mraba 72, utakupa 72 × 400 × 0.8 = lita 23,040.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni upande mmoja. Tenki la lita 5,000 litajaa kwa milimita 87 tu kutoka upande huo, na mvua hiyo hupatikana mapema katika msimu. Gata la upande wa pili litamwaga maji nje msimu mzima wa mvua, na ikifika Agosti tenki litakuwa tupu. Fedha hiyo inunue tenki la pili. Kinachopungua kwako ni mahali pa kuhifadhi.

Gata lenyewe: kanuni rahisi ni sentimita 1 ya mraba ya nafasi ndani ya gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Gata la nusu duara la inchi 6 lina kama sentimita 88 za mraba, linatosha. Mwinamo ndio mafundi wengi hukosea. Wakilaza sawasawa, maji na majani hukaa ndani na gata linapinda. Wakiinamisha sentimita 1 kila mita kwa mita zote 18, mwisho wake unakuwa sentimita 18 chini ya bati na mvua kubwa inaruka juu ya gata. Fanya hivi: mita 12 za kwanza inamisha nusu sentimita kwa mita, mita 6 za mwisho sentimita 1 kwa mita. Jumla ni sentimita 12. Breketi ziwe kila sentimita 60, yaani 31. Ziba pia pale ukingoni kwa ukanda wa bati wa upana wa sentimita 25 hadi 30, uliokunjwa na kupigiliwa kwenye ukingo wa paa ili uning'inie ndani ya gata. Ndio unaozuia maji ya mvua kali kuruka.

Maji ya kwanza ya kila mvua yana vumbi, kinyesi cha ndege na mijusi. Yatupe angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba, kwako ni lita 36. Bomba la inchi 4 lenye urefu wa mita moja, ambalo watu hulifunga na kuridhika, linabeba lita 8 au 9 tu, halisafishi chochote. Tumia bomba la inchi 6 lililosimama, mita 2, linabeba karibu lita 36. Liunganishe kwa tii (kiungo chenye umbo la T) kabla ya tenki, chini liwe na kifuniko cha kufungua kwa mkono, na katika kifuniko toboa tundu la milimita 4. Bomba litajikausha kwa kama nusu saa baada ya mvua, bila mtu kukumbuka kufungua koki. Tundu huziba kwa matope, ndiyo maana kifuniko lazima kifunguke.

Kabla ya kujenga msingi wa tenki, pima kimo. Watu hujenga msingi mrefu ili ndoo ikae vizuri chini ya koki, kisha mdomo wa tenki unakuwa juu kuliko gata. Tenki la lita 5,000 huwa na kimo cha mita 2 na zaidi kutegemea mtengenezaji. Pima tenki lako, ongeza msingi, linganisha na mwisho wa gata, yaani ukingo wa bati ukitoa sentimita 12. Ikikosekana nafasi, shusha msingi hadi sentimita 40 na chimba kishimo cha ndoo mbele ya koki, chenye mfereji wa kutoa maji.

MjumbeKamati aliandika:

Asante sana mhandisi. Msingi huo ujengwe vipi? Na lita 5,000 zitatufikisha wapi kwa watoto 450?

MhandisiMaji alijibu:

Tenki likijaa ni tani 5 kwa maji peke yake. Zungushia ukuta wa mawe, jaza kifusi cha mawe na ushindilie kila tabaka la sentimita 15, juu mwaga zege la sentimita 10 lenye wavu wa chuma, uwiano 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Zege lizidi tenki kwa sentimita 15 kila upande. Tenki likining'inia hata kidogo ukingoni, hupasuka chini. Mwagilia zege siku 7 kabla ya kuweka mzigo. Tenki tupu lifunge kwa kamba, maana upepo wa Dodoma hulibeba. Bomba la kutolea maji yaliyozidi liwe na ukubwa sawa na la kuingizia, likiwa na wavu wa mbu mdomoni.

Kuhusu matumizi, kipimo kinachotumika kimataifa kwa shule ya kutwa ni lita 5 kwa mtu kwa siku. Kwako ni lita 2,250, tenki linaisha siku ya tatu. Kwa hiyo amua mapema kuwa maji haya ni ya kunawa mikono. Kwa vibuyu chirizi, yaani madumu ya kunawia yanayotiririsha maji kidogo kidogo, mtoto hunawa kwa mililita 100 hivi. Mara mbili kwa siku kwa watoto 450 ni lita 90. Weka madumu 10 ya lita 5, yajazwe asubuhi na saa nne, jumla lita 100. Tenki moja litafika siku 50 za masomo, mawili siku 100. Kuanzia Mei hadi Novemba ukitoa likizo kuna siku 120 na kidogo, kwa hiyo matenki mawili yanakukaribia sana. Maji ya kutawadha na kuoshea vyoo yatoke chanzo kingine, msiyachanganye katika hesabu hii.

Koki iwe ndani ya kisanduku chenye kufuli, na mwalimu wa afya awe na ufunguo. Koki iliyoachwa wazi usiku mmoja inamaliza miezi miwili ya kunawa.

Mkilazimika kunywa maji hayo, weka klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 15 kwa lita 5,000, ikorogwe kwanza kwenye ndoo, isubiriwe angalau dakika 30. Usikadirie kwa macho.

FundiMwashi_Dom alijibu:

Naongezea upande wa ubao. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kote. Panapolia kama tupu, plasta imeachia, lazima ichongwe itoke. Palipo pazima hapahitaji kubomolewa. Nyufa zichonge zipanuke kwa umbo la V, lowesha, jaza mchanga uliochekechwa na saruji 3:1.

Ukipiga plasta mpya, malizia kwa niru (saruji tupu iliyokorogwa na maji) iliyosuguliwa kwa mwiko wa chuma hadi iwe laini bila mawimbi. Mwagilia siku 7, kisha acha ikauke wiki 3 hadi 4. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: shule inakaribia kufunguliwa, rangi inapakwa kwenye plasta mbichi, baada ya muhula mmoja inabanduka kama ngozi. Panga kazi hii likizo ya Juni au Desemba, na plasta ianze siku ya kwanza ya likizo.

Mng'ao unaousema unatokana na rangi ya mafuta ya kawaida. Chaki huteleza juu yake. Piga msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, futa kwa kitambaa chenye maji, acha ikauke, paka rangi maalumu ya ubao isiyong'aa, mikono miwili (yaani tabaka mbili), saa 24 kati ya mkono na mkono. Ubao wa mita 1.2 kwa 3.6 ni mita za mraba 4.3, na lita moja ya rangi inatosha mikono yote miwili. Madarasa manne, lita 4.

Rangi ikikauka, sugua chaki iliyolazwa ubao mzima kisha futa. Mkiruka hatua hiyo, maandishi ya siku ya kwanza yatabaki yakionekana kama kivuli. Na tafadhali, msitumie unga mweusi wa betri kuukuu. Una kemikali zisizofaa kuguswa wala kuvutwa na watoto.

MwalimuTaaluma alijibu:

Kuhusu projekta: darasa lenye madirisha makubwa na bati jepesi halina giza la kuonyesha picha mchana, na mkondo wa umeme unaoyumba huua taa yake. Ruzuku ya elimu msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na 6,000 ndiyo inayofika shuleni, iliyobaki huwekwa kwa ajili ya vitabu. Kwa watoto 450 hiyo ni Sh 2,700,000 kwa mwaka mzima, kwa chaki, mitihani, ukarabati na mengineyo yote. Lita 4 za rangi ya ubao zinawasaidia watoto wa madarasa manne kila kipindi, kila siku.

Madawati msiuze vyuma. Tenganisheni mafungu mawili. Yaliyoachia kiungo tu yachomelewe, lakini kutu na rangi visuguliwe kwanza, na kwenye kona iongezwe kipande cha bati nene cha pembetatu. Kuchomelea juu ya ufa uleule hukatika tena baada ya miezi michache. Yaliyooza miguu, ambayo husababishwa na kudeki sakafu kwa maji mengi, yakatwe sentimita chache na kuungwa bomba la mraba la unene wa milimita 1.5, kisha yazibwe chini. Bomba la milimita 1 ni rahisi dukani lakini halistahimili watoto watatu. Mbao zifungwe kwa bolti zenye washa, si misumari, na bolti zikazwe kila mwanzo wa muhula.

Jambo moja hamjaliuliza. Angalieni vitabu vilivyofungiwa ofisini kwa kuogopa kupotea. Vipeni namba kwa rangi ubavuni, vifunikeni kwa karatasi safi ya ndani ya mifuko ya saruji mtakayobakiwa nayo kwenye kazi ya tenki, na kila dawati lipewe kitabu chake kwa daftari la sahihi, kikabidhiwe na kurudishwa kila Ijumaa. Kitabu kilichochanika mkononi mwa mtoto kimefundisha, kilicho kabatini kinaliwa na mchwa.