Fonetiki ya Kiingereza imenishinda, naombeni ushauri

Mwanachuo26
Habari za majukumu, wakuu. Nasoma ualimu, mwaka wa kwanza. Kwenye jaribio tuliambiwa tunukuu neno "banana" kwa alama za kifonetiki. Nikaweka a tatu, nikakosa. Semina iliyofuata nikasimamishwa nisome "hat", "hut", "heart", "hurt". Yote yalinitoka "hati". Mtihani umebaki wiki tano na sapu (mtihani wa marudio) siitaki, nyumbani mimi ndiye wa kwanza kufika chuo. Nianzie wapi?

MwlMstaafu
Pole sana, mwanangu. Kiswahili kina irabu 5 tu. Kiingereza sanifu cha Uingereza kwa kawaida huhesabiwa 20, zikiwemo diftongo 8, yaani irabu mbili zinazotamkwa kwa mtelezo mmoja. Sikio lako linazirundika zote kwenye zile tano ulizozaliwa nazo. Katika "banana", a kamili ni ya katikati peke yake, tena ndefu. Za pembeni zimefifia: hiyo ndiyo shwa, ile e iliyopinduliwa. Sisi silabi isiyo na mkazo tunaitamka kamili, wao wanaimeza. Tamka "photograph", halafu "photographer": mkazo umehama, na irabu zimebadilika. Kwa hiyo kabla hujaandika alama yoyote, tafuta kwanza mkazo uko wapi.

Binti_Mvita
Naongezea. Weka kipande cha karatasi mbele ya midomo. Sema "pin", kitatikisika. Sema "spin", kitatulia. Kwa Kiingereza hizo p mbili ni alofoni, yaani sura tofauti za fonimu moja (sauti inayotenganisha maana); ukibadilisha sura, maana haibadiliki. Lakini huku kwetu Mombasa, paa la nyumba halina pumzi, paa wa porini ana pumzi. Hapo pumzi inatenganisha maana, basi ni fonimu mbili. Mimi tofauti ya fonimu na alofoni iliniingia siku niliyomwomba nyanya atamke maneno hayo mawili, karatasi nimeishika mimi.

Mwanachuo26
Nimejaribu sasa hivi, kweli inatikisika! Na zile th mbili je?

MwlMstaafu
Hizo unazo tayari. "Think" ni th ya thamani, "this" ni dh ya dhahabu. Maandishi yao ndiyo hayazitofautishi, kwa hiyo fungua kamusi yenye matamshi. Na kila jioni mwenzako akusomee "ship" na "sheep", "hat" na "hut", akichanganya, wewe umempa mgongo, uandike ulichosikia. Yanayokukwamisha yalete hapa tuyapitie.