Usinimalizie Utamu

Kikundi: Wajukuu wa Bi Mwanaidi

ALHAMISI

Shangazi Rehema, 20:14
Nimekifunga sasa hivi, nimebaki kuutazama ukuta. Salum, umenipa kitabu gani wewe mtoto?

Salum, 20:15
Shikamoo shangazi 😂 Nilisema usikisome usiku.

Shangazi Rehema, 20:15
Marahaba. Ungesema pia niweke kanga karibu ya kufutia machozi.

Mjomba Athumani, 20:19
Kitabu gani hicho

Salum, 20:22
The Nickel Boys, mjomba. Cha Colson Whitehead, Mmarekani mweusi. Kilitoka 2019, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Kuna kijana anaitwa Elwood, wa Tallahassee, Florida, miaka ya 60. Kalelewa na bibi yake, mtoto wa vitabu haswa. Siku moja anaomba lifti kwenda kusoma chuoni, kumbe gari la wizi. Polisi wakambeba na yeye.

Mjomba Athumani, 20:23
Si angejieleza

Shangazi Rehema, 20:23
Kaka, mtoto mweusi, Florida, miaka ile. Ajieleze kwa nani?

Shangazi Rehema, 20:29
Akapelekwa shule ya maadilisho, inaitwa Nickel. Mimi nimefundisha miaka 34 na fimbo nimeshika, sikatai. Lakini pale watoto wanaamshwa usiku wa manane, wanapelekwa kijumba cha peke yake, wanalazwa kifudifudi wanachapwa mkanda, na feni kubwa linavuma ili kelele zisitoke nje. Wavulana weusi wanakiita White House. Wa kizungu wanakiita kiwanda cha aiskrimu, maana ukitoka mwili una rangi zote.

Mjomba Athumani, 20:31
Kumbe na wazungu walichapwa

Salum, 20:33
Walichapwa, ila mabweni yao mbali. Na chakula cha wavulana weusi kilikuwa kinapakiwa kwenye gari kinaenda kuuzwa mjini. Elwood anaandika kwenye daftari kila kinachouzwa.

Mjomba Athumani, 20:34
Hilo daftari litamponza

Farida Muscat, 20:34
MJOMBAAA. Niko katikati! Msinimalizie utamu 😭

Mjomba Athumani, 20:35
Sijakisoma hata mimi. Nimekisia.

Mjomba Athumani, 20:36
Ila si hadithi tu, waandishi hutia chumvi

Salum, 20:41
Nickel ni jina la kubuni, ila shule iliyoigwa ilikuwepo kweli, mjomba. Dozier, mji wa Marianna, Florida. Imefunguliwa 1900, imefungwa 2011. Serikali ilisema pana makaburi 31. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha South Florida wakafukua, wakakuta 55. Bunge la Florida likaomba radhi 2017.

Mjomba Athumani, 20:48
Innalillahi

Shangazi Rehema, 20:55
Mimi aliyenikaa moyoni ni rafiki yake, Turner. Elwood ana sahani ya santuri ya hotuba za Martin Luther King, anaamini kila neno. Turner anajua dunia, anampitisha mwenzie pembeni pembeni. Muda wote nasema: Elwood mwanangu, msikilize mwenzio! Halafu tena naona, wote wakiwa kina Turner, chakula kitaendelea kuuzwa.

Farida Muscat, 20:56
Shangazi ishia hapo hapo tafadhali 🙏🏾

IJUMAA

Farida Muscat, 05:52
Nimemaliza. Nimelia kwenye basi la kazini, Mhindi wa kiti cha pili kanipa tishu. Naweza kusema sasa?

Mjomba Athumani, 05:58
Sema tu mimi sisomi

Farida Muscat, 06:07
Yule mtu mzima wa New York mwenye kampuni ya kuhamisha vyombo, tunayemjua kama Elwood, ni Turner! Elwood alipigwa risasi siku wanatoroka. Mwenzie akalichukua jina, akaishi nalo, hata mkewe miaka yote hakujua. Mwanzoni nilichukia. Mtu yuko shimoni, na jina lake umeondoka nalo?

Shangazi Rehema, 06:30
Bibi yuko hapa anakunywa uji, nimemsimulia yote. Anasema huo si wizi, huyo ni somo yake.

Shangazi Rehema, 06:33
Anasema yeye kaitwa Mwanaidi kwa sababu shangazi yake alizama na jahazi njia ya Pemba, maiti haikuonekana. "Kila nikiitwa mimi, na yeye kaitwa."

Farida Muscat, 06:34
Sikulijua hilo 😳

Salum, 06:40
Shikamoo bibi. Lakini usomo hutolewa na wazee, mbele za watu. Turner kajipa mwenyewe, kwa siri, akiwakimbia waliomfukuza.

Shangazi Rehema, 06:44
Kacheka. Anauliza, wazee gani wangempa? Waliokuwepo pale ni hao hao wenye bunduki.

Shangazi Rehema, 06:45
Anauliza pia wale 55 wamejulikana majina?

Salum, 06:51
Baadhi tu. Walilinganisha vinasaba na vya ndugu zao walio hai.

Mjomba Athumani, 06:53
Rehema nikija Jumapili nitakichukua hicho kitabu

Farida Muscat, 06:53
Si ulisema husomi 😂

Shangazi Rehema, 06:57
Salum, bibi anataka umtumie kwa sauti jina la yule mtoto. Nimemtajia mara tatu, anasema Eludi.