Fedha ya riale za zamani ilichimbwa wapi?

Sonara_Mkunazini
Asalaam alaykum. Juzi mama mmoja kaniletea mkufu wa bibi yake, una riale tano, zile sarafu za fedha, zimetiwa vitanzi na kutungwa. Anataka niziyeyushe nimsubie bangili za harusi ya mwanawe. Ni zile za Maria Theresa, malkia wa Austria, kajitanda ushungi, mwaka 1780. Nimepima moja: gramu 28 kasoro kidogo. Moto uko tayari, ila mkono unasita. Ukiniuliza dhahabu nitakwambia Geita, Chunya, Johannesburg. Hii fedha je, ilichimbwa wapi?

Kijana_wa_Forodhani
Si Austria hapo hapo? Malkia mwenyewe yupo usoni! Yeyusha fundi, harusi haingoji.

BiMwalimu_Pemba
Mwanangu, pole pole. 1780 ndio mwaka aliokufa malkia. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na Uhabeshi walishaizoea sura ile, kwa hiyo riale ziliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, na karne ya 20 hata Roma, London na Bombay. Riale tano za mkufu mmoja zinaweza kuwa na fedha ya migodi mitano. Labda ya Ulaya ya kati, labda ya Mexico, ambayo mpaka leo inaongoza duniani kwa fedha. Kule Potosí, Bolivia, mlima ulianza kuchimbwa 1545 na bado watu wanaingia mashimoni.

Ila raha iko kwenye jina la Kizungu la riale hiyo, thaler. Mgodi wa Joachimsthal, leo Jáchymov nchini Ucheki, fedha yake ilipigwa sarafu zikaitwa thaler. Thaler ikazaa dola, dola ikazaa dala yetu ya shilingi tano, na dala ikazaa daladala. Utingo wa Bububu anaita mgodi wa watu kutwa nzima, hana habari.

MzeeWaKarasha
Fundi, hata Geita fedha unayo. Nimefanya kazi miaka kwenye uchenjuaji: dhahabu inatoka imeshikana na fedha, na ukiiona imepauka ujue fedha imezidi. Yale makontena ya makinikia, yaani mchanga wa madini, yaliyozuiwa 2017 nayo yalikuwa na dhahabu, shaba na fedha. Duniani kote fedha nyingi inapatikana hivyo, nyuma ya risasi, zinki, shaba au dhahabu. Mgodi wa kuifuata fedha yenyewe ni wa kutafuta.

Halafu angalia: riale ni fedha sehemu 833 kwa 1000, iliyobaki shaba. Moto ukiikolea itakutolea weusi. Mama akitaka 925, itabidi uongeze fedha safi.

Sonara_Mkunazini
Weusi nimeuona, mzee wangu, ahsante. Nilimsomea mama maneno ya BiMwalimu, akacheka, kisha akanyamaza. Kasema nne yeyusha, moja nirudishie. Nimeipiga brashi na sabuni tu, na lulu za begani kwa malkia zimetokea moja moja.