Tupeane uzoefu: mume na mke kushirikiana madokezo kwenye simu, nini kinafanya kazi na nini kinakwama

Daftari la Nyumbani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wanandoa wanaoendesha nyumba kwa programu ya madokezo: orodha ya sokoni, ada, namba ya mita, tarehe za kliniki, malipo ya fundi. Mwenye ujuzi aweke hatua kamili, ili anayesoma usiku huu aweze kuzifuata usiku huu huu. Visa vya ndani tuviache ndani.

Naanza na kosa linaloharibu mambo mapema kuliko mengine yote. Watu wengi wakitaka kuandikiana, wanaingiza Gmail moja kwenye simu zote mbili. Madokezo yanaonekana kweli, lakini hayaji peke yake. Majina ya simu yanachanganyika, na ukifuta jina upande mmoja linafutika na upande wa pili. Nywila zilizohifadhiwa zinahama, picha zinahama, hata unachotafuta YouTube kinahama. Mmoja akibadilisha nywila mwenzake anatupwa nje. Simu moja ikiibwa ikiwa haijafungwa, mwizi ameshika akaunti ya watu wawili. Kinachotakiwa kushirikiwa ni dokezo. Akaunti kila mtu abaki na yake.

Kwa Google Keep, ambayo ni ya bure na ipo Android na iPhone, fanya hivi. Fungua dokezo jipya, gusa alama ya kujumlisha chini na uchague visanduku vya tiki. Andika vitu viwili vitatu. Gusa nukta tatu, kisha sehemu ya kuongeza mshirika, yenye umbo la mtu na alama ya kujumlisha. Andika Gmail ya mwenzako herufi kwa herufi, hifadhi. Dokezo litatokea kwenye Keep yake. Lisipotokea, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: amefungua Keep kwa Gmail ile ile uliyoandika? (Wenye Gmail mbili kwenye simu moja wanakwama hapa.) Kwenye mipangilio ya Keep, kushiriki kumewashwa? Ana bando? Ukikagua hayo matatu, mara nyingi tatizo unalikuta humo.

mama_genge

Asante mkuu. Mimi nimekaa upande wa orodha ya manunuzi, maana ndiyo inayotumika kila siku na ndiyo inayoachwa haraka.

Orodha inayoandikwa upya kila wiki haidumu, kwa sababu kazi ya kuandika inamwangukia mtu mmoja na atachoka. Tengeneza orodha ya kudumu. Kaeni jikoni, orodhesheni kila kitu kinachonunuliwa nyumbani, vifike hata 40: unga wa sembe, mchele, mafuta, sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni ya unga, dawa ya meno, vitunguu, nyanya, dagaa. Vyote viwekeeni tiki. Kitu kinapoisha, yeyote aliyekiona anatoa tiki, na kinapanda juu. Anayepita sokoni ananunua vilivyo juu na kurudisha tiki. Hakuna kufuta chochote, hakuna kuandika upya. Ili hili lifanye kazi, kwenye mipangilio ya Keep washeni ile ya kupeleka chini vyenye tiki, na muiwashe kwenye simu zote mbili.

Jihadharini na menyu ya nukta tatu kwenye orodha. Ndani yake kuna kutoa tiki zote na kuna kufuta vyote vyenye tiki, na zimekaa jirani. Kidole kikiteleza, orodha ya kudumu imekwenda. Alama ya kutengua iliyo chini inaokoa kabla hujatoka kwenye dokezo. Kwa hiyo wekeni nakala ya orodha hiyo pembeni, kwa kutumia chaguo la kutengeneza nakala, na iacheni bila kuigusa.

Andikeni na kipimo. "Nyanya" peke yake inaleta ugomvi wa bure mlangoni. "Nyanya, mafungu 2" au "nyanya, sado 1" inamaliza maneno. Kwa nyama andikeni kilo na aina: "nyama ya mchanganyiko, kilo 1 na nusu". Kisha gawanyeni kwa mahali: dokezo moja la genge na bucha, lingine la duka la Mangi, lingine la vitu vya mwezi. Mtu aliyesimama gengeni asilazimike kupekua sabuni na betri za rimoti ili afike kwenye mchicha.

Na hili watu hawalijui: Keep haipigi kengele mwenzako anapoongeza kitu. Ukiongeza maziwa akiwa tayari yuko sokoni, usidhani ameona. Mpigie, au tuma ujumbe wa neno moja, "orodha", naye atafungua.

bando_la_wiki

Naomba kuongezea upande wa mtandao, maana malalamiko mengi ya "mbona kwangu haionekani" yanatoka hapa.

Kwanza bando. Bando nyingi za bei ndogo ni za WhatsApp na mitandao ya kijamii tu. Keep haimo kwenye orodha hiyo. Mtu anachati vizuri kabisa, anaamini ana intaneti, kumbe dokezo lake halijaondoka kwenye simu tangu asubuhi. Dawa yake ni bando la kawaida hata dogo. Dokezo la maandishi matupu ni jepesi mno, halifikii uzito wa picha moja ya kamera, ambayo peke yake inaweza kula megabaiti 3 au zaidi. Picha zipakieni mkiwa na Wi-Fi.

Pili betri. Simu nyingi za Android zinazouzwa kwetu zinazima programu zisizofunguliwa ili kutunza chaji. Nenda Mipangilio, Programu, Keep, Betri, uondoe vikwazo. Kama kiokoa data kimewashwa, mpe Keep ruhusa ya kutumia data wakati wote. Kisha zoea kufungua Keep na kuvuta skrini kwenda chini kabla hujaingia dukani.

Tatu, kuandika mkiwa wote hamna mtandao. Mkiweka tiki kwenye vitu tofauti, kwa kawaida kila kimoja kinafika salama. Hatari ipo kwenye aya ndefu: wote wawili mkiihariri gizani, mtandao ukirudi maneno ya mmoja yanaweza kufunikwa na ya mwingine. Ndiyo maana kila jambo liwe mstari wake. Ukitaka kusahihisha alichoandika mwenzako, ongeza mstari chini yake na herufi ya jina lako mbele. Usifute wake.

kichwa_tufaha

Kwa wenye iPhone wote wawili, programu ya Madokezo ya Apple inatosha. Kushirikiana dokezo kulianza na iOS 10 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) mwaka 2016, na folda nzima iliwezekana kuanzia iOS 13 mwaka 2019. Shirikini folda, msihangaike na dokezo moja moja. Fungua dokezo au folda, gusa alama ya mshale unaotoka kwenye kisanduku, chagua kushirikiana, weka kwamba wanaingia walioalikwa tu na kwamba wanaweza kubadilisha.

Inapokataa, sababu ni mojawapo ya hizi. Dokezo liko kwenye sehemu ya "kwenye iPhone yangu" au limehifadhiwa chini ya Gmail: lihamishie iCloud, yaani hifadhi ya mtandaoni ya Apple. Au dokezo limefungwa kwa nywila, na lililofungwa halishirikiwi hata kidogo, chagua moja. Au iCloud imejaa, maana gigabaiti 5 za bure zinamalizwa na picha na nakala za WhatsApp. Uzuri wake ni kwamba ukiandika alama ya @ na jina la mwenzako ndani ya dokezo, anapata taarifa, kitu ambacho dada mama_genge amesema Keep haina.

Mmoja ana Android na mwingine iPhone? Msisumbuke, nendeni Keep wote.

saruji_na_nondo

Mimi naongelea ujenzi, kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za nyumba zinapopotelea, na mara nyingi mmoja yuko saiti na mwingine yuko kazini au nje ya nchi.

Keep haijumlishi hesabu. Ukianza kuandika mifuko ya saruji ndani ya dokezo, baada ya msingi hamtajua mmetumia ngapi. Hesabu ikae Google Sheets, programu ya majedwali inayojumlisha yenyewe, safu sita tu: tarehe, kitu, idadi, bei ya kimoja, jumla, nani amelipa. Dokezo liwe la maneno: makubaliano na fundi, hatua iliyofikiwa, kinachosubiriwa. Kiungo cha Sheets kibandikwe mstari wa kwanza wa dokezo.

Makubaliano na fundi yaandikwe siku ile ile, kwa mpangilio huu: kazi gani, bei yote, malipo ya awali kiasi gani, salio linalipwa hatua ipi, nani ananunua vifaa. "Fundi kapewa laki 2" haitoshi. Laki 2 ya nini, imebaki ngapi?

Risiti zipigwe picha siku ya manunuzi. Karatasi ya risiti za mashine inachapwa kwa joto, kwa hiyo ikikaa kwenye gari au mfukoni maandishi yanafifia hadi karatasi inabaki nyeupe. Piga ikiwa imenyooka juu ya meza, hakikisha tarehe na jumla vinasomeka, iweke kwenye dokezo la mwezi husika na uandike chini yake kiasi kwa tarakimu, kwa sababu baadaye utatafuta kwa tarakimu hizo.

kadi_ya_kliniki

Dokezo la mtoto. Siku ya kuzaliwa hesabuni tarehe zote kwa mkupuo na muziandike kama tarehe, msiandike umri: wiki 6, wiki 10, wiki 14, miezi 9 na miezi 18, hizo mbili za mwisho zikiwa za surua na rubela. "Miezi 9" inasahaulika, "Jumanne tarehe 14" haisahauliki. Pigeni picha kurasa zote za kadi kila mnaporudi kliniki. Kadi ya karatasi ndiyo yenye nguvu kituoni, ila mkiwa safarini ikaachwa nyumbani, picha inamwonyesha muuguzi kilichokwisha kutolewa.

Kikumbusho alichoweka baba kwenye dokezo la pamoja hakilii kwenye simu ya mama. Kila mtu aweke chake, au tarehe hizo muziweke Google Kalenda na kumwalika mwenzako kwenye tukio.

Angalizo la saa. Ukimwandikia mwenzako "saa 3", ongeza asubuhi au usiku, na kwenye kikumbusho weka 09:00 au 21:00. Aliyezaliwa na saa za Kiswahili anajua saa 3 ni ipi, lakini simu inasoma 03:00 na italia usiku wa manane. Mwenzako akiwa Maskati, yuko saa moja mbele yetu, kwa hiyo taja ni saa ya wapi.

Daftari la Nyumbani (mwanzisha uzi)

Shukrani wakuu. Kuna aliyeuliza pembeni kuhusu usalama na kufutika, najibu hapa.

Kinachofaa kukaa kwenye dokezo la pamoja: namba ya mita ya LUKU, namba za NIDA, namba ya malipo ya serikali pamoja na tarehe yake ya kuisha, namba ya bima, namba za simu za mwalimu, mwenye nyumba na fundi bomba, tarehe ya kodi, na siku mtungi wa gesi ulipowashwa (mitungi mitatu ikishaisha mtajua wa kilo 15 unakaa siku ngapi kwenu). Kisichofaa kabisa: PIN ya M-Pesa au benki yoyote, na nywila. Keep haina kufuli ya dokezo moja moja. Simu ikifunguka, yote yamefunguka, na simu hupelekwa kwa fundi ikiwa wazi.

Kufuta. Aliyelianzisha dokezo ndiye mmiliki, na akilifuta linaondoka kwa wote. Hukaa kwenye tupio siku 7 tu, kisha basi. Kwenye Apple ni siku 30. Kwa hiyo anayependa kusafisha simu asiwe ndiye mwanzishaji wa dokezo la namba muhimu. Kama tayari ndiye, mwenzake atengeneze nakala, kisha huyo mwenye nakala amwalike yule wa kwanza upya.

Mmoja akilazwa au akifariki, madokezo yake yasiyoshirikiwa yanabaki yamefungwa. Google wana sehemu ya kusimamia akaunti isiyotumika: unachagua miezi 3, 6, 12 au 18 ya ukimya, unataja mtu wa kupewa data, na unaweza kuchagua Keep iwemo. Ipo kwenye mipangilio ya akaunti, upande wa data na faragha. Bila hiyo, akaunti isiyoguswa miaka 2 Google wanaweza kuifuta na vilivyomo. Apple wana mrithi wa akaunti tangu iOS 15.2, na huyo atahitaji ufunguo uliotolewa siku ya kumteua pamoja na cheti cha kifo, basi ufunguo huo uchapwe na ukae na hati za nyumba.

Mwenye uzoefu wa OneNote, programu ya madokezo ya Microsoft, hasa kushirikiana daftari zima kupitia OneDrive (hifadhi yao ya mtandaoni) kwa simu ndogo yenye nafasi finyu, atuwekee hatua zake hapa chini. Hapo bado hatujapata mtu.