Kupiga picha sarafu za zamani nyumbani: taa ya duara, boksi la mwanga au taa mbili za mezani?

Mkwakwani_T
Wanajamvi, habari za leo. Nimekusudia kununua vifaa vya mwanga kwa ajili ya kupiga picha sarafu za zamani hapa nyumbani, na ningependa kuamua kabla ya mwisho wa mwezi. Dukani nimeonyeshwa vitu vitatu: taa ya duara yenye stendi, kama ile ya wauza nguo wa mtandaoni, boksi jeupe la kukunja lenye taa za LED upande wa juu, na taa mbili za mezani zenye shingo ya kupinda. Bei zake hazipishani sana. Ipi inafaa zaidi?

Bi_Hela
Ndugu yangu, swali lako halijibiki jinsi lilivyo. Sarafu hizo ni za shaba, za fedha au za nikeli? Ziko wazi au zimo ndani ya vifuko vya plastiki? Unapiga kwa simu au kwa kamera? Picha ni za kumbukumbu yako au za kuuzia? Mwanga unaoipendeza pesa ya shaba iliyochakaa unaweza kuiharibu kabisa shilingi inayong'aa.

Taa_Mbili
Mimi sihitaji kusubiri majibu yake. Nunua taa mbili za mezani. Chukulia kwamba sarafu ni uso wa saa, kisha weka taa moja usawa wa tarakimu 10 na nyingine usawa wa tarakimu 2, uziinue mpaka mwanga ushuke kwa pembe ya nyuzi 60 au zaidi kutoka mezani. Balbu zote mbili ziwe za aina moja, na ikiwezekana ziwe na alama ya CRI, yaani kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi halisi, ya 90 kwenda juu, la sivyo rangi ya shaba itatoka kama matope. Funga pia pazia, kwa sababu mwanga wa dirishani ukichanganyika na wa balbu ya manjano, nusu ya sarafu itakuwa ya buluu na nusu ya chungwa. Taa ya duara waachie wauza nguo.

Kioo45
Taa mbili ni nzuri, lakini mwenye sarafu ya fedha iliyobadilika rangi kwa umri hataiona rangi hiyo vizuri mpaka mwanga ushuke wima juu ya sarafu. Njia yake ni rahisi na haihitaji duka la kamera. Mwombe fundi wa vioo akukatie kipande cha kioo chembamba cha fremu ya picha, cha milimita 2, usichukue kile kinene cha dirishani kwa sababu huitia picha ukungu. Kisimamishe juu ya sarafu kwa mlalo wa nyuzi 45, taa ikae ubavuni ikimulika kioo, nayo kamera itazame chini kupitia kioo hicho hicho. Sehemu ndogo ya mwanga itaakisiwa kwenda chini na kuiangukia sarafu bila kivuli chochote, na iliyobaki itapita moja kwa moja. Kwa hiyo picha itahitaji muda mrefu zaidi na stendi isiyotikisika. Upande unaokabili taa, ng'ambo ya kioo, tundika kitambaa cheusi. Usipofanya hivyo, ukuta wako utaonekana umeelea juu ya sarafu.

Mkwakwani_T
Ahsanteni. Natumia simu. Sarafu nimerithi kwa marehemu babu: pesa za shaba za Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki, rupia mbili tatu, shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima, pamoja na pesa moja ya Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, yenye mizani, ya mwaka 1299 wa Hijria. Baadhi zimo katika plastiki. Picha ni za kumtumia mjomba wangu aliyeko Maskati, ambaye anajuana na wakusanyaji wa huko. Tatizo ni kwamba pesa za Wajerumani zimekuwa nyeusi kiasi kwamba maandishi ya Kiarabu hayasomeki katika picha.

Bi_Hela
Sasa umesema. Kwa pesa hizo zima kila kitu na ubakishe taa moja tu, uishushe ubavuni karibu ilingane na meza, kisha uizungushe sarafu polepole huku ukitazama kwenye simu. Kuna mahali ambapo ukingo wa kila herufi utatupa kivuli chake, na mwaka 1307 wa Hijria ulioonekana umefutika utasomeka. Halafu, tafadhali, usitumie ile lenzi ya simu ya kupigia vitu vya karibu sana, kwa sababu inakulazimisha kuisogeza simu mpaka iuzibe mwanga wenyewe. Tumia lenzi kuu au ya kuvuta, rudi nyuma, kisha ukate picha baadaye.

Rupia_Nyeupe
Ninaomba niseme neno kuhusu boksi la mwanga, kwa sababu limenigharimu. Nilinunua mtandaoni rupia ya 1890 kutoka kwa muuzaji aliyeonyesha picha safi mno, zilizopigwa ndani ya boksi kama hilo. Kaisari Wilhelm II na kofia yake yenye tai alionekana vizuri kabisa, na uwanja wa sarafu ulikuwa laini bila doa. Ilipofika niliigeuzageuza chini ya balbu moja ya sebuleni, na hapo ikajitokeza mistari myembamba iliyolala upande mmoja kuanzia shingoni mpaka kwenye mdomo wa sarafu, dalili ya kuwa mtu aliisugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia. Nilipolalamika, muuzaji alijibu kwamba picha hakuzigusa, na ninaamini alisema kweli. Mwanga unaotoka pande zote hujaza kila mkwaruzo, na mkwaruzo usio na kivuli hauonekani. Fedha yangu haikurudi. Tangu hapo sinunui mpaka nitumiwe video fupi ya sarafu ikigeuzwa chini ya taa moja.

Taa_Mbili
Je, sikusema?

Bi_Hela
Usishangilie mapema. Taa ya ubavuni nayo huzidisha chumvi. Shilingi nzima kabisa utaidhani imeburuzwa kwenye sementi. Kwa mnunuzi, picha mbili za sarafu moja zenye mwanga tofauti ni haki zaidi kuliko moja yoyote.

Mpemba_Shaba
Mbona mnazunguka? Kama pesa ni nyeusi, ipigwe ndimu na majivu. Bibi zetu walisugua masinia ya shaba kwa vitu hivyo hivyo na yakawaka.

Kioo45
Sinia ni sinia, ndugu. Asidi ya ndimu inaondoa utando wa kahawia ambao umechukua zaidi ya karne moja kujengeka, na chini yake inabaki shaba ya waridi ambayo mkusanyaji yeyote ataitambua mara moja na kuipunguzia bei. Mkwakwani_T, usithubutu.

Mpemba_Shaba
Bei ni ya nani? Wengine tunaziweka ili tuzione, hatuuzi.

Rupia_Nyeupe
Yeye anamtumia mjomba ili wakusanyaji wazitazame. Soma juu.

Mkwakwani_T
Ndimu sitatia. Jana usiku nilijaribu taa moja ya ubavuni na maandishi yameonekana, lakini picha zina mistari myeusi ya mlalo. Zile za plastiki nazo zinaonyesha simu yangu yenyewe.

Taa_Mbili
Mistari hiyo inatokana na balbu ya LED ya bei ya chini, inayopepesa kwa kufuata umeme wetu wa hezi 50. Fungua mpangilio wa mkono katika kamera ya simu na uweke muda wa 1/50 ya sekunde. Ikishindikana, badilisha balbu.

Kioo45
Kwa plastiki, toboa kadi nyeusi tundu la ukubwa wa lenzi na uifunike simu yote. Kisha jaribu kioo changu kabla hujanunua chochote.

Senti_Tundu
Samahani kwa kuingilia. Mimi nina senti kumi zenye tundu katikati. Je, mnaziweka juu ya kitambaa cheusi au cheupe? Nikitumia cheupe, simu inaifanya sarafu kuwa nyeusi.

Bi_Hela
Una simu gani, na unatumia mwanga gani?