Kijana wa pili, mtoto wa tatu: ni Kambale ao Kasereka?

Mama Masika (Himbi, Goma, Congo)
Jambo wandugu. Mimi ni Mushi (kabila la Bashi), bwana yangu ni wa kabila la Wanande, wa Butembo, na kwao mtoto hupewa jina kufuatana na nafasi ya kuzaliwa. Mukubwa wetu ni binti, Masika, akafuata Paluku, na sasa tumepata kijana mwingine. Mama mukwe anasema Kambale. Jirani anasema mtoto wa tatu ni Kasereka, mwingine analeta Muhindo. Niandikishe lipi?

Muyira
Shika la mama mukwe. Vijana wana hesabu yao na mabinti yao, kwa hiyo Masika hahesabiwi hapa. Kijana wa kwanza ni Paluku (ao Mumbere, ao Nzanzu), wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ukimwita huyu Kasereka, kila Munande atauliza Kambale yuko wapi, na wengine watadhani alikufa.

Kabuo
Muhindo ni pale jinsia inapogeuka: mabinti wamefuatana, halafu anakuja kijana. Kwenu kijana amefuata kijana.

Ruwenzori
Tena ndugu wa Kasese, Uganda, wakiandika Bwambale, ni Kambale ile ile. Kwao ni Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Musichanganye kwenye karatasi za huku.

Karani mustaafu
Mama, kazi kubwa iko kwenye posnomu, ni kusema jina la pili litakalofuata Kambale. Kambale wamejaa Butembo yote, na jina hilo linaonyesha nafasi tu. Angalia Julien Paluku Kahongya, aliyekuwa gavana wa Kivu Kaskazini: Paluku ni kijana wa kwanza, Kahongya ndilo linalomtenga na Paluku wengine. Kwa nini musichukue la Kishi? Kambale Murhula inasikika vizuri sana.

Mama Masika
Aksanti. Na nikiandika Murhula Kambale?

Karani mustaafu
Sheria haikatazi, lakini kwa Wanande Kambale hutangulia. Amueni kabla ya kwenda komine, ofisi munakoandikisha mtoto, maana kifungu cha 64 cha Sheria ya Familia hakiruhusu kugeuza jina, herufi zake wala mupangilio wake bila tribinali. Muko na siku 90 tangu kuzaliwa. Zikipita, mutahitaji hukumu. Na "rh" ya Murhula makarani huiandika "r" tupu. Soma cheti herufi kwa herufi mbele ya karani, kabla baba hajatia sahihi.