Sholay ya 1975 bado inanikamata, nyie muvi za zamani zinawakamata na nini?

Wakuu habari za jioni. Juzi nimeirudia Sholay, lile picha la Kihindi la Amitabh Bachchan (Jai) na rafiki yake Dharmendra (Veeru), nikaiangalia na mdogo wangu ambaye yeye ni hizi za siku hizi tu. Nikajua atasinzia maana picha lenyewe linazidi masaa matatu, lakini ile Gabbar Singh, yule jambazi mkuu, anaingia, unaona buti zinatembea juu ya majabali na mkanda unaburuzwa kwenye mwamba, sura bado hujaiona, dogo kimyaa. Sasa nauliza, nyie kinachowashika ni nini hasa? Na nimuwekee ipi baada ya hii?

Jibu:
Mimi ni ule utulivu mkuu. Usiku Jai kakaa nje anapuliza kinanda cha mdomo, Radha, mkwe wa Thakur aliyewakodi kina Jai wamkamate Gabbar, anazima taa moja moja barazani, hakuna anayeongea na ushaelewa kila kitu, kwamba wanapendana na kwamba Radha ni mjane haiwezi kuwa rahisi. Halafu Jai anakufa!! Sisi tumekua tunaambiana stelingi hafi. Na ile sarafu anayorusha kuamua mambo kumbe ina kichwa pande zote mbili, jamaa alishaamua abaki yeye Veeru aondoke. Inaniuma mpaka leo.

Jibu:
Ule mwisho wa polisi kuja kumzuia Thakur asimuue Gabbar sio aliokuwa nao muongozaji Ramesh Sippy mwanzo. Thakur alikuwa anammaliza kabisa kwa viatu vya misumari, si mikono hana, Gabbar ndo aliyemkata, basi wakaguzi wa filamu India wakagoma, ilikuwa kipindi kile cha hali ya hatari ya Indira Gandhi, ikabidi wapige mwisho mwingine. Mi nasimama na ule wa kwanza, utafuteni.

Jibu:
Dogo muwekee 12 Angry Men ya 1957. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, karibu yote chumba kimoja, wanaume 12 wa baraza la mahakama, raia wanaoamua kesi, wanabishana kama kijana ana hatia ya kumuua baba yake, hakuna hata risasi moja. Pale Henry Fonda anatoa mfukoni kisu kinachofanana na kile cha ushahidi anakichomeka mezani, aisee! Muangalie pia muongozaji Sidney Lumet na kamera yake, mwanzo inawatazama kwa juu, ubishi ukipanda inashuka na kuwasogelea mpaka unaona chumba kinabana.

Muuliza swali:
Shukrani wakuu, hiyo ya kisu tunaiweka Jumamosi. Vipi Mother India ya Nargis, yule mama kumpiga risasi mwanae mwenyewe, dogo ana miaka 14, ataiweza?